Spori ya asubuhi ya Himbi, Goma: mimi nawapa nyota 4 juu ya 5

Naona watu wanauliza kama ile spori (mazoezi) ya asubuhi kule mtaa wa Himbi inafaa kweli, basi acha nieleze juu niko nayo tangu mwezi wa tano 2020.

Nilikuwa nimelipa jimu moja hapa mjini miezi mitatu mbele, kashi, haikuisha hata wiki mbili Korona ikafika, serikali ikafunga shule, makanisa, nganda (baa), jimu, vyote. Nikaenda kuuliza pesa zangu wakasema ningoje wafungue, nangoja hadi leo. Pesa iliniuma lakini usiku ndio uliniuma zaidi. Mimi nauza viatu mtaa wa Birere, wateja wangu wengi walikuwa wanatoka Gisenyi, upande wa Rwanda, mpaka wa nchi ulipofungwa nikabaki nyumbani na makartoni yangu. Saa nane ya usiku macho wazi, moyo unapiga mbio na sijatoka kitandani. Mtoto akiangusha kijiko tu napiga kelele. Nilifikiri ni mawazo ya pesa, sikujua mwili pia unaweza kubeba hofu hivyo.

Jirani yangu ndiye alikuja kunigongea mlango. Siku ya kwanza nilikimbia kama dakika tano nikakaa kwenye jiwe la lava nikalia, sijui hata nililia nini. Kochi hakunisimamisha kwa nguvu, alichuchumaa mbali kidogo akasema, "Mama, pumua kwanza, tutatembea tu." Tukatembea hadi mwisho. Usiku ule nililala hadi jua likatoka, mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

Sasa kazi yao. Wakati mikutano ya watu zaidi ya 20 ilikatazwa, kochi aligawa watu vikundi vya 15, kila kikundi na saa yake, na hata baada ya état d'urgence (hali ya dharura) kuisha mwezi wa saba 2020 aliacha hivyo hivyo. Kunawa mikono ni lazima mbele ya kuanza, hiyo sisi watu wa Goma tulizoea tangu Ebola ya 2019 hakuna mwenye anabisha. Tangu kuvrefe (katazo la kutembea usiku) ya mwezi wa 12 2020 walianza saa kumi na moja na nusu, juu wakati ule mbele ya saa kumi na moja hakukuwa na ruhusa ya kuwa njiani. Mbio taratibu, mazoezi ya tumbo na miguu, halafu kujinyoosha tukiangalia ziwa. Siku nne kwa wiki, dakika 45, ukihesabu inapita zile dakika 150 za wiki zenye OMS (Shirika la Afya Duniani) inaomba kwa mutu mzima. Wakati ule bei ilikuwa franka 500 kwa siku, usipokuwa nazo unakimbia tu, hakuna mwenye atakuuliza mbele ya watu.

Lakini kitu chenye kinanifanya niandike haya yote ni daftari. Kochi ana daftari la shule, lile la kurasa 48, kona zimeshaliwa na jasho, anaandika jina la kila mutu mwenye amefika. Ukikosa siku mbili anakupigia simu. Mimi nilikosa wiki ya kifo cha shangazi, simu ikalia, hakuuliza mbona sikuja, aliuliza kama nimekula. Na kuna kijana mmoja wa kikundi chetu, mbio hazikumtosha, alikuwa anazidi kunyamaza, kochi akamwambia wazi hapa ni spori tu, akamsindikiza mwenyewe Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili hapa Goma, akaonane na wenye wanajua kazi hiyo. Anaendelea na dawa na bado anakimbia na sisi. Kochi mwenye anajua mwisho wa kazi yake, huyo ndiye mimi namwamini.

Nyota moja nimeitoa juu ya mvua: ikinyesha hawatumi mesaji, unafika fasi (mahali) na giza hakuna mutu, kwa mwanamke hiyo si salama hata kidogo, nimeshawaambia mara mbili. Na wakati wa Korona wengine wakishamaliza mbio walikuwa wanasimama karibu karibu wanaongea, kashne (barakoa) iko kwenye kidevu. Pia njia iko na mawe, sandale hapana, tafuta kiatu chenye soli nene.

Kikundi changu ni cha kwanza, kuanzia siku ya kwanza ya wiki (Jumatatu). Ukiona mama wa kitenge cha njano nyuma kabisa, huyo ni mimi, kuja tutembee wote.