Rangi ya injini ya gari la zamani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mtu akiamua kufufua gari la zamani, pesa huishia kwenye pistoni, ringi na bearingi. Rangi hukumbukwa siku ile injini inaning'inia kwenye mnyororo, tayari kurudishwa. Hapo kijana wa gereji hutumwa mbio dukani akalete "rangi ya moto", naye huja na kopo lolote lililoandikwa nyuzi 600. Baada ya miezi michache, kwa hewa yetu ya Malindi, kutu imeshatambaa chini ya pampu ya petroli na rangi inabanduka magamba magamba.

Kosa ni kununua kwa kutazama nambari ya joto. Injini inayopozwa kwa maji haina moto huo unaotishiwa. Maji yake, ikiwa radieta ni nzima, hucheza kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi, na chuma cha nje cha bloku, yaani mwili wa injini, hakiendi mbali na hapo. Manifoldi ya ekzosi, ile inayokusanya moshi kutoka kwenye injini, ndiyo inayovuka mamia, na hiyo ina rangi yake. Kinachoua rangi ya bloku pwani ni petroli inayochuruzika kutoka kwenye kabureta, oili, maji ya breki na chumvi. Gari likilala karibu na bahari, chuma kilichosuguliwa asubuhi kikaachwa uchi, jioni kimeshaanza kuota rangi ya chai ya rangi.

Kwa hiyo nimepanga rangi za dukani kwa maswali matatu tu: inavumilia petroli? Yaweza kupatikana kwa rangi ile ile iliyotoka nayo kiwandani? Na fundi wa gereji ya kawaida ataiweza?

Lakini kabla ya kutoa pesa, ujue unatafuta rangi gani. Injini za Chevrolet zilikuwa za chungwa hadi 1976; mwaka 1977 kampuni mama ikazihamishia buluu. Ford za Marekani zilivaa buluu kuanzia 1966. Morris Minor 1000 ilikuwa kijani kizito. Datsun za injini ya L zilipakwa buluu, na hizo ndizo ninazokutana nazo zaidi, maana wazee wengi hawajazisahau tangu 1600 SSS ilipochukua Safari Rally mwaka 1970, kisha 240Z ikarudia mwaka 1971 na 1973.

"Buluu" hata hivyo ni neno pana. Datsun 1600 niliyoishika mwisho, bloku yake ilionekana kijani cha majimaji, na mwenyewe alishaapa kwamba hiyo ndiyo rangi ya asili. "Mzee wangu," nikamwambia, "hiyo ni oili ya miaka hamsini." Nikafungua bano linaloshika altaneta. Nyuma yake, mahali ambapo jua na moshi havijawahi kufika, palikuwa na doa la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini: buluu safi, yenye mng'ao wa wastani, siyo ya kuwaka kama sahani mpya. Nikalifuta kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, nikalitoa bano nje saa nne asubuhi. Mzee alilitazama kitambo bila kusema neno. Kwa hiyo tafuta doa kama hilo nyuma ya miguu ya injini, chini ya pampu ya maji, nyuma ya mabano. Kisha beba kipande chenyewe hadi dukani. Picha ya simu haifai, na taa nyeupe za dukani hudanganya; mwombe muuzaji mtoke nje mlinganishe juani.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni rangi ya gari ya sehemu mbili, ile mafundi wanayoiita tuukei, inayochanganywa na hadena, dawa ya kuifanya iwe ngumu, kabla ya kupulizwa. Wengi hushangaa nikiitanguliza, kwa kuwa kwenye kopo haikuandikwa neno injini. Lakini ikishakomaa haiyeyuki kwa petroli, oili hufutika kwa kitambaa, na joto la bloku inalimudu. Jambo kubwa zaidi ni kwamba duka la kuchanganya rangi za magari, na Mombasa yako ya kutosha, litakutengenezea buluu ile ile ya doa lako. Omba ya koti moja, yaani yenye mng'ao wake ndani, bila kumwagiwa vanishi juu. Vanishi huifanya injini ya zamani ionekane imevishwa nailoni. Chini yake nunua praima ya epoksi, yaani rangi ya kutangulia, nayo ni ya sehemu mbili. Hii praima ndiyo inayoizuia chumvi. Ukibana pesa hapo, umenunua rangi bure.

Ubaya wake ni mmoja na si mdogo. Hadena ina isosianeti, sumu inayoharibu mapafu na kuweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu, wala ile ya karatasi. Ukikosa fundi rangi mwenye kifaa kinachomletea hewa safi kutoka nje, na kibanda chenye upepo wa kupita, achana nayo ununue ya pili. Usikubali kijana wa gereji aipulize akiwa amejifunga shati puani. Nimeona hilo mara nyingi mno.

Ya pili ni enameli ya injini ya kopo la kupuliza, yenye resini za kauri. VHT na Dupli-Color ndizo zinazojulikana. Hii ndiyo ningemshauri mtu anayefanya kazi mwenyewe uani Jumamosi, bila kompresa. Uvumilivu wake wa joto umevuka mahitaji ya bloku. Yaliyo muhimu yako kwenye maandishi madogo ya nyuma, ambayo hakuna anayeyasoma. Kwa ile ya VHT, makoti yote yamalizike ndani ya saa moja, au usubiri siku saba kabla ya kuongeza jingine. Ukirudi kesho yake, koti jipya hulikunja la chini kama maziwa yaliyoganda juu. Na haijakomaa mpaka ipikwe: kama nyuzi 93 kwa dakika ishirini. Petroli ikiimwagikia kabla ya hapo, itaondoka nayo.

Upungufu wake ni rangi. Makopo haya yamepangwa kwa injini za Kimarekani, basi mwenye Chevrolet au Ford atapata yake bila shida. Mwenye Datsun, Peugeot au Morris atapata ya jirani yake. Nunua makopo mawili kwa bloku moja, ya toleo moja, na upulizie kifuniko cha kopo kwanza ulinganishe na doa lako. Usipange kumwagiza ndugu akuletee kwenye sanduku la ndege. Makopo ya gesi kama hayo huzuiwa.

Ya tatu ni enameli ya trekta, na naipenda kuliko inavyostahili. Huuzwa kwa kopo la kufunguliwa, hupakwa kwa brashi, na ukiwa na mkono mtulivu alama za brashi hulala zenyewe. Buluu ya trekta za Ford na nyekundu ya Massey Ferguson zinajulikana hadi mashambani. Kwa gari la kazi, pikapu ya kubebea nazi, inatosha kabisa. Hukauka polepole, na petroli ikikaa juu yake huilainisha. Kwa hiyo tengeneza kabureta kwanza ndipo upake. Ndugu zetu wa Lamu, ambako punda bado ndiye mwenye barabara, nimewaona wakiipaka injini za boti. Kwao ni sawa, kwa kuwa injini ya boti hupakwa upya mara kwa mara bila mtu kuuliza rangi ya kiwandani.

Ya nne ni ile fedha ya nyuzi 600. Ni nzuri, ila kwa manifoldi na bomba la ekzosi tu. Hukomaa kwa moto mkali ambao bloku haitaupata kamwe, basi juu ya bloku hubaki laini siku zote na kidole hutoka nayo.

Rangi ya mafuta ya milango na madirisha sitaipa namba.

Kuna kipimo ninachokifanya kabla ya kununua kopo kubwa la rangi yoyote nisiyoijua. Nachukua kifuniko cha kopo la maziwa, nakisugua kwa msasa, nakipaka, nakiacha wiki nzima. Kisha nalowesha kitambaa cheupe kwa petroli na kukisugua juu yake mara ishirini. Kitambaa kikibaki cheupe, nanunua. Kikipata rangi, namrudishia muuzaji kopo lake dogo na shukrani. Kifuniko cha pili nakitupa juu ya paa wiki mbili, upande wa bahari, nione pembeni panasemaje.

Kuhusu kupaka nitasema machache. Ondoa mafuta yote kwa kiondoa grisi, osha, kausha, na praima iingie saa ile ile, siyo kesho. Fanya kazi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana. Wakati wa mvua za masika umande hukilalia chuma bila kuonekana. Mimi mwenyewe niliwahi kupuliza magharibi, mwezi wa Mei, nikaamka nikakuta buluu yangu ina ukungu mweupe, nikaanza upya na msasa. Kaskazi ya Januari ni rafiki zaidi. Silinda hedi, kile kipande kinachokaa juu ya bloku, ya Datsun ya L ni aluminiamu. Iache na rangi yake ya asili, usimsikilize anayetaka vyote vifanane. Na maji ya breki yakidondoka popote, mwaga maji safi papo hapo, usisubiri kitambaa.

Kwa bloku, sampu (bakuli la oili la chini) na mabano, lita moja ya rangi ya kuchanganywa hutosha na kubaki. Inayobaki usiitie hadena. Funga kopo vizuri, liweke kichwa chini pahali penye kivuli, na ile karatasi ya fomula uliyopewa dukani ibandike ndani ya boneti kwa tepu, maana siku bano likikwaruzwa wino wa kwenye kopo utakuwa umeshafutika.