Eko ya moyo kwa mgonjwa wa kemo: namba moja tupu siipokei

Juzijuzi nimempeleka dada yangu kupima eko, yaani ultrasound ya moyo. Yuko kwenye doksorubisini, dawa ya kemo ya saratani inayojulikana kwa kudhuru misuli ya moyo. Ripoti nzima imeandikwa: EF 51%, yaani asilimia ya damu ambayo chumba cha kushoto cha moyo kinasukuma nje kila pigo. Ya kituo kingine, kabla ya dozi ya kwanza, ilikuwa 62. Nikauliza kwa adabu wamepima kwa njia gani. Mpimaji hakuinua hata macho: "Namba si umepewa? Unataka nini tena?"

Nataka kujua kama moyo umeharibika au njia ya kupima ndiyo imebadilika! Njia moja, M-mode, inapima kipenyo cha chumba cha kushoto kwenye mstari mmoja tu, kisha inakisia ujazo. Ukuta ukilegea mahali ambapo mstari haupiti, huoni kitu. Njia nyingine, Simpson, inadai picha mbili kutoka nchani mwa moyo, ya vyumba vinne na ya vyumba viwili. Unachora ukingo wa ndani moyo ukiwa umejaa na ukiwa umekaza, mashine inagawa chumba visahani 20. Mgonjwa analala ubavu wa kushoto na kutoa pumzi. Dada alilazwa chali! Probu, kile kifaa cha kupimia kinachowekwa kifuani, ikiwekwa juu mno, ncha ya moyo inakatwa, ujazo unaonekana mdogo na EF mara nyingi inapanda kwa uongo. Urefu wa chumba kwenye picha hizo ukipishana zaidi ya asilimia 10, rudia. Hata ikifanywa vizuri, eko ya 2D (picha bapa) huweza kuyumba pointi 10 hivi kati ya kipimo na kipimo. Sasa hizo 11 za dada nizisomeje? Daktari anaweza kumsimamishia dawa kwa sababu ya namba hiyo.

Nilitaka kuandika achaneni na eko, nendeni MRI, ile ya picha za sumaku. Inakata moyo vipande vya milimita 8 hivi toka juu hadi nchani, haikisii umbo, na gadolini, dawa ya picha inayodungwa mshipani, inaonyesha makovu. Lakini ni kubana pumzi tena na tena, mapigo yakiruka picha zinavurugika, na bei yake si ya kurudia kila baada ya dozi chache. MUGA, ile ya kutia teknesi yenye mionzi kwenye chembe nyekundu za damu, inatoa namba isiyoyumba sana, ila kila safari ni mionzi, na vali huzioni.

Basi ni eko, lakini mashine ileile na mpimaji yuleyule ikiwezekana, Simpson au 3D, presha iandikwe, na strain, yaani kiasi misuli ya moyo inavyojikunja, ipimwe: ikishuka zaidi ya asilimia 15 ya kiwango chake cha mwanzo, ni dalili ya mapema hata EF ikiwa bado nzuri. Dai video kwenye CD au flashi, ili mwingine aweze kupima upya.

Kituo kile nakipa nyota moja. Mashine yao ni mpya, nilitaka kuongeza ya pili. Ina 3D, ina strain. Havikuguswa. Inabaki moja.