Kitabu cha sheria za hoki cha FIH (shirikisho la hoki duniani): ampaya, kiweke kwa simu yako

Kama unapuliza filimbi mechi za shule ama za klabu pale Lugogo, Kampala, na bado unategemea sheria ulizosikia kwa wakubwa wako wa uwanjani, tafadhali shusha hiki kitabu, ni bure kwenye tovuti ya FIH, hakimalizi bando, unakisoma hata ukiwa kwa taksi kwenye jam ya Jinja Road.

Penye utamu ni sheria ya mpira kuruka. Viwanja vyetu vingi vya shule ni nyasi na vituta, mtu anapiga chini chini, mpira unagonga kituta unaruka, ampaya papo hapo priii! Hapana. Kitabu kinasema wazi kwamba kuinua mpira kwa pigo (kuuchapa kwa kuzungusha fimbo) bila kukusudia si kosa, popote uwanjani, mpaka uwe hatari. Kosa ni kuuinua makusudi kwa pigo na wala hulengi goli. Kwa hiyo macho yako yaende kwanza kwa aliyeko mbele ya mpira, kuna mtu anaumia hapo? Kama hakuna acha watoto wacheze. Ila fliki (kuusukuma mpira ukainuka) ama skupu (kuuzoa kwa fimbo ukainuka) ikimwendea mpinzani aliye ndani ya mita 5, hiyo ni hatari, usisite.

Mguu nao vilevile. Pembeni wote wanapiga kelele "mguu! mguu!" lakini mpira kumgusa mtu mguuni ni kosa tu kama amefaidika ama alijiweka pale makusudi auzuie hivyo.

Penati kona (adhabu ambapo mpira unaanzia mstari wa nyuma, kando ya goli) imeelezwa vizuri sana, shuti la kwanza likiwa la pigo lisivuke mstari wa goli juu ya milimita 460, yaani kimo cha ubao wa chini ndani ya goli, lakini dragi-fliki (fliki ya kuuburuta mpira kwanza) haibanwi na hiyo, na hapa ndio nimeona magoli halali yakikataliwa, inauma kweli. Kadi ya kijani mchezaji anakaa nje dakika 2, ya njano dakika 5 ama zaidi.

Ubaya wake ni Kiingereza cha kisheria, kizito, kijana anayeanza atachoka. Na zile kurasa za uampaya, za wapi usimame na ishara za mikono, wamezitupa huko nyuma baada ya sheria za mchezo wakati ndizo zinafaa kusomwa mapema, zisomeni wawili wawili mkijaribu ishara.

Nyota 4 kwa 5. Chukua toleo jipya moja kwa moja kwao, ile PDF ya zamani inayozunguka WhatsApp ifute.