Mazda Roadster kwa dereva mrefu: nafasi ya miguu uinunue wapi

Nina urefu wa sentimita 188 na naendesha Roadster, gari dogo la viti viwili lenye paa la turubai, toleo la kwanza, ile iliyouzwa Japani kama Eunos kuanzia 1989 na kwingineko ikaitwa MX-5. Wiki ya kwanza kila tuta lilinigonga utosi kwenye turubai, na kila nilipokanyaga klachi goti la kushoto lilikwama chini ya usukani. Nilikuwa karibu kuliuza. Sasa nalipenda mno, na ninayoandika hapa ndiyo yaliyoniokoa.

Kabla hujatoa hata shilingi, panga upya kiti ulichonacho. Nyuma ya viti kuna ukuta wa bodi, na nyuma ya ukuta huo ndiko liliko tangi la mafuta, kwa hiyo kiti hakina pa kwenda. Wengi wetu tunakimbilia kulaza egemeo, yaani sehemu ya kiti inayoshika mgongo. Egemeo linagota ukutani mapema na kiti kinabaki mbele. Anza kwa kulisimamisha, sukuma kiti mpaka mwisho wa reli, kisha lilaze kidogo kidogo. Kanyaga klachi hadi chini: goti libaki limekunjwa kidogo. Nyoosha mkono: kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, kifike juu ya usukani bila bega kuachia egemeo. Kwa usukani wenye mfuko wa hewa, kifua kikae angalau sentimita 25 kutoka katikati yake.

Haitoshi? Basi nafasi ya kwanza, bila ubishi, naipa kazi ya kupunguza sponji. Bolti nne, spana namba 14, kiti kinatoka. Mpelekee fundi viti, ukae naye. Wangu alifungua pete za waya zinazoshika kitambaa, akachora kwa kalamu pale makalio yanapokaa, akakata tabaka jembamba kwa kisu kirefu, akaniambia nikalie, kisha akakata tena. Tulisimama kwenye sentimita tatu na nusu. Kingo za pembeni hatukuzigusa, maana ndizo zinazokushika kwenye kona. Sponji ya chini ikipungua, kichwa na mapaja vinapata nafasi. Ya egemeo ikipungua, miguu inapata. Usikate mpaka ukasikia springi. Na kata kidogo, kwa sababu kurudisha ni kununua sponji mpya.

Ya pili ni reli za kimo cha chini zinazoshusha kiti kizima. Ni nzuri, lakini dai zilizotengenezwa kwa gari lako hasa. Za kuchomelea mtaani sizipendekezi hata kidogo: kiti ndicho kinachokushika gari likigonga.

Kiti cha mashindano kisichokunjika nakiweka cha tatu. Hakuna kinachokaa chini zaidi, ila pima kwanza upana kati ya mlango na handaki la gia (kile kinundu kirefu cha sakafu katikati ya viti), kisha nyonga zako. Egemeo halilali, na safari ndefu utaisikia kiunoni. Kwenye matoleo yenye mifuko ya hewa ndani ya viti, ukibadili kiti unaupoteza mfuko huo na taa ya onyo inawaka. Hata kutoa kiti tu, chomoa betri kwanza na usubiri kabla ya kugusa plagi za njano, zile za waya za mfuko wa hewa.

Usukani mdogo ni wa mwisho. Goti litapita, kweli, lakini kama wa kiwandani una mfuko wa hewa, umeutupa.

Na kama gari lenyewe hujanunua, una bahati, chagua toleo. La kwanza na la pili usukani haupandi wala haushuki. La tatu, la kuanzia 2005, usukani unapanda na kushuka na ndani kuna nafasi zaidi. Mtu mrefu mwenye bajeti ya kati ningempeleka huko moja kwa moja. La nne lilikuja 2015, lakini usukani wa kuvuta kuelekea kifuani uliongezwa kwenye marekebisho ya 2018. Ukiwa na fedha, tafuta hilo la baada ya marekebisho, na kabla ya kulipa umwombe muuzaji avute usukani mbele yako.