Duka la vifaranga Morogoro: wanakuonesha tetea na jogoo kabla hujalipa

Wadau wa kuku, nawapa mrejesho wa hili duka la vifaranga la hapa Moro, maana wengi wananiuliza nachukulia wapi. Nyota nne kati ya tano. Kinachonirudisha kwao ni kwamba boksi linafunguliwa mbele yako, unaoneshwa unachonunua, na wanakwambia ukweli hata kama ukweli wenyewe unawakosesha mauzo siku hiyo.

Tuanze na leya, yaani kuku wa mayai. Ukitaka Isa Brown, dada anayeuza anakutolea vifaranga wawili anakuwekea kiganjani, tetea ni kahawia inayokimbilia wekundu na jogoo ni mweupe wa njano njano, yaani hapo huhitaji utaalamu wowote. Nikamuuliza inakuwaje hivo, akanielewesha vizuri tu kwamba baba yao ni mwekundu na mama yao anabeba weupe, sasa tetea hiyo rangi anairithi kwa baba peke yake ila jogoo anachukua na weupe wa mama alafu weupe ndo unashinda. Kwa hiyo ukichukua hao hao Isa Brown ukawapandishia majogoo ya ukoo wao hapo nyumbani ukatotolesha, rangi haikwambii tena nani jike nani dume, mpangilio wote umevurugika. Hili nawaomba mlishike, kuna watu wanatotolesha mayai ya leya mtaani wanachagua wale wa kahawia wanawauza eti tetea watupu, na mfugaji anakuja kugundua ameshalisha majogoo kibao kwa miezi.

Kwenye chotara, yaani kuku wa mbegu mchanganyiko, ndo nilimheshimu zaidi huyu dada. Nilimwambia anichagulie tetea tu kwenye Kuroiler, aina mojawapo ya chotara, wa siku moja, akanijibu, "Kaka, hawa nikikuchagulia nitakuwa nabahatisha, na wewe utakuja kunilaumu." Na ni kweli kabisa. Kuroiler wanatoka rangi mchanganyiko, weusi, kahawia, wenye mistari mgongoni, wa njano, na hiyo rangi haina uhusiano na jinsia kama ilivyo kwa Isa Brown. Kuna wanaofungua bawa wakaangalia manyoya, kwa tetea manyoya ya chini yanakuwa marefu kuliko yale yanayoyafunika juu na kwa jogoo yanalingana, lakini njia hiyo inafanya kazi kama wazazi walichaguliwa makusudi kwa ajili hiyo, na ni siku za mwanzo tu, ukichelewa manyoya yameshaota yote. Ile ya kuangalia sehemu ya haja, waliyoianzisha Wajapani, inataka mtu aliyesomea, asiyejua anamminya kifaranga anamuumiza bure. Na wanaosema yai lililochongoka linatoa jogoo au wanaomning'iniza kifaranga waone atarusha miguu vipi, jamani hapana.

Wanachofanya wao ni kulea baadhi ya chotara mpaka wiki ya tano au ya sita ndo wanauza kwa bei ya juu. Hapo unaona mwenyewe, jogoo upanga wa kichwani umeshaanza kuwa mkubwa na mwekundu na miguu imenenepa, tetea upanga bado mdogo umepauka. Mimi kwa mtu anayetaka mayai namshauri achukue hao, bei inauma ila unajua unachopeleka bandani.

Broila, yaani kuku wa nyama, nako kuwa makini popote utakapoenda. Majogoo ya leya ni ya njano njano kama broila, na wapo wauzaji wasio waaminifu wanaochanganya, siku ya kwanza uzito haupishani sana kwa hiyo rangi peke yake isikuridhishe. Angalia miguu, wa broila ni minene na kifua kimepanuka, wa leya ni vijiti. Ikifika wiki ya pili broila anakaribia nusu kilo wakati jogoo wa leya bado ni kadogo tu, ila hapo hela yako ya chakula imeshaenda. Hawa wa Moro broila wanakuja kwenye boksi lililofungwa lenye jina la kampuni na tarehe ya kutotolewa, na leya wanakuja na karatasi ya chanjo ya Mareksi, ule ugonjwa wa kuku unaopoozesha miguu na mabawa.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya chumba cha vifaranga. Wanatumia taa nyekundu za joto na dirisha ni dogo, sasa kwenye mwanga mwekundu kahawia na njano zinafanana kabisa, na duka linalojisifia kuonesha wateja rangi lilitakiwa liwe na taa nyeupe siku nyingi. Ukienda omba boksi litolewe nje barazani, hawakatai, ila fanya haraka vifaranga wasipigwe baridi. Bei pia iko juu kidogo kuliko sokoni, na chotara waliolelewa wanaisha mapema, piga simu uwekewe kabla hujatoka nyumbani.