Kliniki ya akili wakati wa korona: sindano safi, simu pambo tu

Kliniki hii ya Eastlands, Nairobi, inastahili pongezi kwa jambo moja: sindano ya flufenazini, dawa ya skizofrenia, haikusitishwa. Nguvu yake hudumu wiki 2 hadi 4. Ukiruka zamu, sauti za kichwani hurudi polepole, na nyumbani wanashtuka mgonjwa keshaacha kulala. Kafyu ya Machi 2020 ilianza saa 1 jioni, hivyo kufungua alfajiri kuliwafaa wa Kayole na Ruai.

Lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, ya miezi 3 kwa mkupuo, bila kupima kiwango chake kwenye damu? Hapo waliteleza. Damu hutolewa saa 12 baada ya kumeza dozi, na mgonjwa akiharisha dawa hujilimbikiza mwilini hadi mikono itetemeke. Na kumwona daktari kwa simu, kwa asiye na bando, ni pambo tu.