Mkahawa wa Mji wa Kale ambao wahudumu wake hawahami

Kwa miaka sita nimekuwa nikila katika mkahawa huu ulio karibu na Ngome ya Yesu, Mombasa, mara nyingi nikiwa na mama yangu, ambaye hastahimili pilipili. Jumamosi iliyopita mhudumu alimsalimu, "Shikamoo mama," kisha akauliza kama mbaazi ziwe bila pilipili kama kawaida. Ni yule yule aliyetupokea siku yetu ya kwanza.

Chakula ni kizuri: mahamri huletwa yangali moto, mbaazi zina tui zito, na biriani ya Ijumaa huisha mapema, basi anayeitaka awahi. Lakini kinachonirudisha hapa ni watu. Mimi nasimamia wafanyakazi wa ghala Changamwe, na naujua uchungu wa kumfunza mtu kwa miezi mitatu kisha akaondoka, kwa hiyo nilimuuliza mwenye mkahawa anawezaje kukaa nao muda wote huo.

Alinieleza kwamba msimu wa masika, kuanzia Aprili, wageni wanapopungua pwani na vibarua wengi wa hoteli wakaambiwa wangoje nyumbani, yeye hamwachishi mtu kazi. Huo ndio wakati anaowapa kwa zamu likizo yao ya mwaka yenye malipo, ambayo kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2007 haipungui siku 21 za kazi, na wanaobaki hufundishana kazi. Mhudumu wetu aliingia akiwa mwosha vyombo. Masika moja alifundishwa kupokea wageni, nyingine akafundishwa hesabu za keshia. Bakshishi nazo hutiwa katika sanduku moja na kugawanywa kila wiki, na wa jikoni, ambao mteja hawaoni, hupata fungu lao. Mhudumu mwenyewe aliniambia kwamba alikotoka mshahara ulikuwa mkubwa kidogo, ila kila Mei alikuwa hana kazi na karo ya watoto ilimngoja.

Nimewapa nyota nne, si tano, kwa sababu zamu ya jioni humalizika saa nne usiku, na wanaoishi Likoni hujitafutia wenyewe usafiri hadi kivukoni, wakiwemo kina dada wawili wa jikoni. Nimemwomba mwenye mkahawa apatane na tuktuk ya kuwafikisha huko kila usiku. Amekubali kulitazama jambo hilo, nami nitamkumbusha Ijumaa.